Siku Tatu kwenye Gari la Bi Shamsa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wanaulizana bibi kapatwa na nini. Ilikuwa Jumamosi, kama saa nne asubuhi, uani kwa Bi Shamsa, Kariakoo. Nilikuwa nimekaa chini nimeegemea gurudumu la gari, mikono imejaa grisi, nimeshindwa kabisa. Lakini ngoja nisiikimbilie Jumamosi. Mambo yalianza Alhamisi, na nikisema kweli yalianza zamani zaidi ya hapo, kwenye kiburi changu mwenyewe.

Wewe umenikuta mimi ni bibi wa kukaa barazani na kuagiza chai, kwa hiyo huenda hujui kwamba mikono hii ilikuwa ya fundi magari. Naam, fundi magari, na usicheke. Nilifunzwa kazi kwenye karakana ya shirika moja la usafirishaji, wakati ule ambapo kifaa kimoja cha gari ulikijazia fomu ukakisubiri mpaka ukasahau ulikiomba cha nini. Kisha zikaja zama za soko huria. Kariakoo ikafurika bidhaa, maduka ya vipuri yakachipuka kila kona, na mashirika yakaanza kupunguza watu. Siku moja orodha ikabandikwa ukutani, na jina langu limo. Nikarudi nyumbani Magomeni na sanduku langu la spana, nikalia siku nzima. Siku ya pili nikaoga, nikajifunga kilemba, nikaenda Gerezani, kule kwa mafundi wa magari, kutafuta kibanda.

Wanaume wa Gerezani hawakunifukuza, Mungu awabariki, ila hawakunihesabu. Mteja anakuja, ananikuta nimeinama kwenye injini, spana mkononi, grisi mpaka kwenye nyusi, ananiuliza, "Samahani dada, fundi yuko wapi?" Wee! Nilikuwa nachemka mpaka masikio. Mwingine namweleza gari lake lina nini, anageuka kumtazama kijana wa kibanda cha pili ili amthibitishie, na kijana mwenyewe hajui hata kukaza plagi. Yote hayo niliyaona, na kila siku nilirudi nyumbani nimenuna.

Sasa sikiliza jambo moja la pale Gerezani. Fundi aliyemuuliza mteja maswali alihesabiwa hajui kazi. Mafundi wenye jina walikuwa hawaulizi kitu. Unafungua boneti, unaguna kidogo, unatikisa kichwa, unasema, "Nimeshaliona." Hata kama hujaona kitu, unasema umeliona, halafu unaanza kufungua. Nami nikajiambia, kwa kuwa ni mwanamke peke yangu hapa, basi nitaguna kuliko wote. Na kweli, mwanangu, niliguna. Ungenisikia ungedhani ni injini mojawapo.

Ndipo Alhamisi hiyo akaja Bwana Nassoro. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa asili ya Kiarabu, kanzu imepigwa pasi na maneno yake ya haraka haraka. Akasema shemeji yake, Bi Shamsa, ametoka eda juzi tu, na gari la marehemu halijawashwa tangu msiba. Betri ilikuwa imekufa, wakaichaji, sasa stata inapiga vizuri lakini gari haliwaki. Nikaguna palepale, hata kabla ya kuliona gari lenyewe.

Nyumba ilikuwa ya zamani, yenye ua mkubwa katikati, na gari limeegeshwa chini ya kivuli cha paa la bati. Gari kuukuu la milango minne, rangi ya maziwa, limetunzwa kama kikombe cha harusi. Bi Shamsa akatoka jikoni anafuta mikono kwa upande wa kanga. Mama wa makamo, mwembamba, macho yake bado ya mtu mwenye msiba.

"Shikamoo, Bi Shamsa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndiye wewe fundi?" Nikasema ndiye mimi. Akatabasamu, tabasamu la kwanza nadhani tangu atoke eda.

Bwana Nassoro akanieleza habari yote mbele ya shemeji yake, bila kuficha. Yeye alitaka ua ule ujengwe fremu za maduka, maana wakati ule Kariakoo kila mwenye ukuta alikuwa anautoboa apate fremu. Gari lilikuwa linamzuia. Akasema, "Shemeji, sisemi kwa ubaya. Kama linawaka, chukua gari lako, nitakutafutia pa kuliweka, hakuna atakayeligusa. Lisipowaka mpaka Jumamosi adhuhuri, nimeshapatana na mtu wa Gerezani, atalikata auze vipuri." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu kama mji mzima ulivyokuwa na haraka.

Alipoondoka, Bi Shamsa akanishika mkono. "Fundi, mimi natengeneza visheti na mikate ya kumimina. Watu wa harusi wananitafuta kutoka Ilala, kutoka Magomeni kwenu huko. Nikiwa na gari, nitajifunza kuliendesha, nitajipelekea mwenyewe. Likikatwa, nitabaki kukaa humu ndani kungoja Nassoro aninunulie unga. Sitaki kungojangoja, mwanangu. Nimengoja miezi minne na siku kumi."

Nikamwahidi gari litawaka. Niliahidi kama mtu anayeahidi kuleta maji kutoka bombani.

Basi nikaanza. Nikaingiza ufunguo, nikapiga stata. Injini ikazunguka kwa nguvu, nga-nga-nga-nga, haishiki. Stata ikizunguka vile, ujue betri ni nzima, na kilichobaki ni mambo mawili: petroli haifiki, au moto wa plagi haupo. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua hilo. Bi Shamsa alikuwa amesimama karibu na mlango wa kushoto, akasema taratibu, "Fundi, marehemu alipokuwa akiliwasha, kwanza alikuwa..."

"Bi Shamsa, niachie mimi," nikamkata. "Nimeshaliona."

Akarudi jikoni. Nami nikainua boneti.

Nikamwaga petroli ya zamani, nikatia mpya. Nikasafisha kabureta. Haliwaki. Nikachomoa plagi moja, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikamwomba jirani apige stata. Plagi kimya, bila hata cheche moja. Nikafurahi, maana sasa nimejua petroli haina kosa, moto ndio haupo. Nikapima umeme kwenye koili, ile inayoupa umeme nguvu ya kuruka kwenye plagi, nikakuta unafika. Nikaigusa koili kwa kiganja. Lahaula! Ya moto kama chungu kilichotoka jikoni. Nikasema, basi, koili imekufa, kesho napata mpya, nalala usingizi wangu. Na kweli nililala.

Ijumaa asubuhi nikaenda dukani kwa Bwana Jayanti, Mhindi mmoja mpole aliyekuwa na duka la vipuri mtaa wa tatu kutoka pale. Mtu wa sala zake na hesabu zake, anakufungia bidhaa kwenye gazeti taratibu kama anafunga zawadi. Nikachukua koili, nikakimbia nayo, nikaifunga. Stata, nga-nga-nga-nga. Kimya. Nikaigusa koili mpya. Ya moto! Nikaitukana koili, nikamtukana aliyeitengeneza, nikalitukana na soko huria kwa kutuletea vitu bandia. Nikarudi dukani.

Bwana Jayanti hakubisha, akaniuzia nyingine. Ila alipokuwa anaifunga kwenye gazeti lake akaniuliza, "Fundi, koili mbili mbovu siku moja? Mwenye gari anasemaje?"

Nikamjibu, na maneno haya bado yananikwaruza rohoni, "Mwenye gari ni mwanamke, mjane wa watu, hajawahi hata kushika usukani. Atasema nini yeye?"

Bwana Jayanti akainua macho. Akaitazama ovaroli yangu, akakitazama kilemba changu, akayatazama masikio yangu yenye hereni. Akaendelea kufunga koili. Mimi nikaichukua na kwenda zangu, nisielewe alichokuwa anakitazama.

Koili ya pili nayo ikachemka, gari halikuwaka. Nikafungua distributa yote, ile inayogawa moto kwa kila plagi, nikabadilisha kila kilichomo ndani. Halikuwaka. Baada ya sala ya Ijumaa Bi Shamsa akaniletea sahani ya pilau na kachumbari, akakaa kwenye kigoda akinitazama ninavyokula. Akajaribu tena. "Fundi, hili gari lina adabu zake. Unajua, marehemu..."

"Bi Shamsa," nikasema na pilau lake likiwa mdomoni mwangu, unaona utovu wa adabu huo, "gari ni chuma. Halina adabu."

Akacheka kidogo kwa heshima, akachukua sahani.

Jumamosi nikafika mapema. Nikabadilisha nyaya za plagi. Nikabadilisha plagi zote. Nikapiga stata mpaka betri ikaanza kulalamika. Ilipofika saa nne nilikuwa sina kifaa kilichobaki cha kubadilisha, labda nibadilishe gari zima. Na adhuhuri yule mtu wa kukata magari atakuja na misumeno yake. Nikakaa chini, nikaegemea gurudumu. Nilitaka kulia, mwanangu, na sikuwa nalilia jina langu la Gerezani peke yake. Nilikuwa naisikia harufu ya visheti kutoka jikoni. Yule mama alikuwa anakaanga visheti vya watu, ana uhakika kwamba siku si nyingi atavipeleka kwa gari lake.

Nikamwita. Nikamwambia, "Bi Shamsa, nisamehe. Nimeshindwa."

Akanitazama. Nilitegemea atapiga kelele au ataangua kilio. Akafuta mikono yake, akasema, "Sasa nina ruhusa ya kusema?"

Nikainamisha kichwa.

"Mwanangu, una siku tatu uani kwangu. Umeniuliza choo kiko wapi, na maji ya kunawa yako wapi. Hukuniuliza kingine. Mimi nimekaa kwenye kile kiti cha kushoto miaka kumi na minane, kila siku ya Mungu, na wewe ulidhani macho yangu yalikuwa yamefungwa?" Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nassoro alitaka kuleta fundi mwingine, mwanamume. Mimi ndiye niliyemwambia, nasikia Gerezani kuna fundi mwanamke, niletee huyo. Nikasema, huyo atanisikiliza."

Yarabi! Ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe bila kusukumwa. Nikamwona Bwana Jayanti na gazeti lake. Nikawaona wale wateja wote walioniuliza fundi yuko wapi, na mimi nimesimama mbele yao. Nilichofanyiwa mimi mwaka mzima, nikaja kumfanyia huyu mama ndani ya nyumba yake, nikila pilau lake.

Nikasimama. Nikasema, "Bi Shamsa, nieleze. Marehemu alikuwa akifanyaje?"

Akafungua mlango wa kushoto, akakaa kwenye kiti chake. Akaniashiria nikae kwenye usukani. Akaipapasa dashibodi kwa vidole.

"Alikuwa akiingia, anafunga mlango. Ufunguo anautia kwa mkono wa kulia. Halafu mkono wa kushoto anaushusha hapo chini ya kiti chake, anasema Bismillahi, na hapo ndipo linawaka. Hakuacha hata siku moja. Nilimuuliza zamani kwa nini anashika kiti, akacheka, akasema ni dua yangu hiyo. Nikajua ni dua. Hata pete yake nilikuwa naisikia inagonga chuma, tak."

"Tak?" nikauliza.

"Tak. Kidogo tu. Kila akisema Bismillahi, tak."

Mwanangu, nywele zilinisimama ndani ya kilemba. Nikaushusha mkono wangu wa kushoto chini ya kiti. Nikapapasa chuma, nikapapasa sponji, nikapapasa nyuma ya reli ya kiti. Vidole vikagusa kitu kidogo kama punje ya kunde. Swichi.

Wakati ule vipuri vilikuwa na soko, na wezi wa magari nao walikuwa na soko, kwa hiyo watu walikuwa wanafungiwa swichi za siri. Bila kuibonyeza, mwizi atapiga stata mpaka achoke. Na unajua aliyekuwa akizifunga swichi hizo pale Gerezani? Mimi! Nimewafungia watu wangapi! Ila zangu zilikuwa zinazuia umeme usifike kwenye koili. Ya marehemu ilifungwa na fundi mjanja kuliko mimi: iliuacha umeme ufike kwenye koili, halafu ikaupoteza kwenye bodi ya gari. Ndiyo maana nilipopima niliukuta, na ndiyo maana koili zikawa zinachemka bure. Waya wake ulikuwa umefungwa utepe mweusi pamoja na nyaya nyingine, usingeutofautisha. Na mimi gari kuukuu lile nililidharau, nikasema nani ataliiba, sikuwaza hata kupapasa.

Nikamwambia Bi Shamsa, "Sema wewe."

Akafumba macho. "Bismillahi."

Tak. Nikapiga stata. Injini ikazunguka mara mbili, ikashika, ikanguruma, moshi ukajaa uani, kuku wakatawanyika. Gari linawaka! Nilipiga yowe mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta.

Bi Shamsa alikuwa analia na kucheka pamoja. "Miaka yote hiyo! Amour, mume wangu, mwongo we! Mimi nilidhani anaomba, kumbe anafungua kufuli!"

Nikamwambia, "Bi Shamsa, alikuwa anaomba na anafungua."

"Na kwa nini hakuniambia?"

Labda marehemu alidhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba mambo ya gari hayamhusu mkewe. Ila hilo sikulisema.

Bwana Nassoro alipofika adhuhuri na yule mtu wake wa misumeno, walilikuta gari linaunguruma, na Bi Shamsa amekaa kwenye usukani anajifunza kupiga honi. Bwana Nassoro akasimama mlangoni, akashika kiuno. Kisha akacheka, akamwambia yule mtu arudi zake. Kwa kweli alitimiza ahadi, alimtafutia shemeji yake pa kuegesha. Na fremu zake alijenga pia, maana Bwana Nassoro hakuweza kuuona ukuta akaukalia kimya.

Kuendesha nilimfundisha mimi, asubuhi za Jumapili pale Jangwani penye uwazi. Alikuwa anaogopa kugeuza tu, vingine vyote alikuwa hodari. Nilimuuliza niiondoe ile swichi, maana mambo ya kupapasa chini ya kiti ni usumbufu. Akanikatalia kabisa. Miaka mingi baadaye nimewahi kupanda naye kupeleka mikate ya harusi, na kila akiwasha gari, mkono wa kushoto unashuka, Bismillahi, tak. Waliopanda nyuma walidhani mama wa watu anaomba. Na alikuwa anaomba, nakuhakikishia.

Nami nilirudi Gerezani nikaacha kuguna. Mteja akija, kabla sijagusa boneti nachukua kigoda nampa akae, namwambia, hebu nieleze. Mafundi wenzangu walinicheka sana. Wakasema fundi gani huyu, anahoji watu kama karani wa hospitali. Waliponiuliza kwa nini, nikawa nawaambia nina koili mbili nzima kabisa nyumbani, za ukumbusho.

Sasa nyinyi mna vimashine vyenu. Mnachomeka kimoja kwenye gari, kinawasomea kosa, mnanunua, mnabadilisha. Vizuri sana, na sina ugomvi na mashine, ningekuwa nacho ningekichomeka. Lakini nisikilize, mwanangu, kwa sababu kesho kutwa utakuwa fundi wa jambo lako, uwe daktari, uwe mwalimu, uwe mtu wa kukaa ofisini nyuma ya meza. Kabla hujafungua chochote, muulize anayeishi na tatizo hilo. Muulize hata kama hajasoma, hata kama unaona yeye hajui lolote. Huyo ndiye aliyekuwepo lilipokuwa linafanya kazi. Akianza kusema usimkate, na akisema jambo unaloliona la kipuuzi, hapo ndipo uzidi kumsikiliza. Na kama wewe mwenyewe umewahi kudharauliwa, usijidanganye kwamba hiyo imekufunza kutodharau wengine. Mimi haikunifunza. Ilinifunza kuguna tu, na mtu aliyenitaka kuliko mafundi wote wa Dar es Salaam ndiye niliyemziba mdomo siku tatu.

Haya, nenda na kazi yako. Mungu akupe mikono isiyotetemeka na macho yasiyochoka. Akujaalie wateja wenye subira kama Bi Shamsa. Na siku utakapokuwa umebadilisha kila kitu na bado haliwaki, akulainishie ulimi useme, bila kuona haya, "Nimeshindwa. Hebu nieleze wewe." Amina.